Kiraka cha Emna Jaluli

Emna Jaluli hakuwa na shahada ya Ulaya. Hakuwa na seva yake mwenyewe, wala kiti kisicholia kila alipogeuka. Hakuwa na mwalimu, maana katika Sfax nzima hatukumjua mtu mwingine aliyeshika kazi ile ya kiini cha kompyuta. Hakuwa na ulimi wa kubembeleza wakubwa. Hakuwa na jina katika orodha ya barua ya wajenzi wa kiini, mahali ambapo mtu hujulikana kwa alichoandika na si kwa ukoo wake. Na Ramadhani ile hakuwa na muda.

Ofisi yetu iko juu ya duka la vipuri, barabara ya Gremda. Mwenye ofisi ni Bwana Mongi, aliyeanza maisha kwa kutengeneza mashine za chapa na akapanda kwa jasho lake. Mimi natunza umeme na ubaridi wa chumba cha mashine. Kompyuta nilijifunza darasa la jioni nikiwa tayari na mvi, na nikavisoma vitabu vyake mpaka mwisho. Kwa hiyo nikisema kwamba alichokifanya binti yule ni kikubwa, sisemi kwa kusikia.

Kiini cha mfumo endeshi ni programu iliyo chini ya programu zote. Ndicho kinachogawa kila kitu, na mgawo mgumu kuliko yote ni wa kumbukumbu. Seva yetu ilikuwa na kumbukumbu ya madaraja matatu. La kwanza ni la haraka, na kwa kuwa ni ghali, ni dogo. La pili ni pana na la bei nafuu, lakini linajikokota. Kadi zake Bwana Mongi alizinunua kwa neno la Emna, badala ya kununua seva nyingine. La tatu ni diski, ambako vitu huenda kulala.

Nyumba za kwetu zina akili hiyohiyo. Rafu ya jikoni ina harisa ya pilipili na mafuta ya leo. Chumba cha akiba, tunachokijaza kuskusi na pilipili kavu kila kiangazi, kiko uani. Nyumba ya shambani ina mitungi ambayo hakuna anayeikumbuka mpaka ije harusi. Mwenye nyumba hafikiri. Mkono wake unajua kipi kikae wapi. Kiini hakina mkono, wala hakijui harisa ni nini. Kinaona kurasa tu, mamilioni ya kurasa za kumbukumbu zenye ukubwa mmoja, na yaliyomo ndani yake hayakihusu. Kinachoweza kujua ni hiki: ukurasa huu umeguswa, ule haujaguswa. Kwa habari ndogo kama hiyo kinaamua nani akae karibu na jiko na nani apelekwe shamba, kisha kinaamua upya, na upya tena, bila programu yoyote kuhisi kwamba imehamishwa. Mitambo nimeiona mingi, ya fosfeti na ya umeme. Utumishi wenye adabu kama huo sijauona.

Lakini mtumishi naye hukosea, na kosa lake lilikuwa la asubuhi.

Tulikuwa tunahifadhi picha za eksirei za hospitali moja ya binafsi. Kila alfajiri programu ya kutengeneza nakala za akiba ilipita kwenye picha zote, ikigusa kila ukurasa na kwenda zake. Kiini kikiona kurasa zimeguswa, kilidhani zote zina watu wanaozitaka, kikazipandisha kwenye daraja la haraka. Kurasa walizozihitaji madaktari zikasukumwa chini. Daktari akifika asubuhi, picha ya mbavu ilifunguka kwa mwendo wa kobe.

Mkuu wa mitambo wa hospitali alitoa masharti mawili. Picha za asubuhi zifunguke kama za mchana. Na asiletewe kiini kilichoshonwa nyumbani; mashine yenye picha za wagonjwa ingepokea kiini cha hadharani tu, kile ambacho kila kiraka chake, yaani kila badiliko la maandishi yake, kimekaguliwa na wajenzi wa dunia nzima.

Bwana Mongi alimwita Emna mbele yetu sote.

"Binti yangu, nilikuamini nikanunua kadi zile," alisema. "Sasa sikiliza. Nakupa mpaka Idi. Kiraka chako kikipokelewa huko kwa wakubwa wa kiini, hiyo ndiyo kazi yako tangu leo, na ile seva ndogo ya majaribio ni yako. Kisipopokelewa, seva naiuza, na wewe unarudi kwenye tovuti za maduka ya viatu."

Slim Masmudi, aliyekaa meza ya pili, aligeuka. "Bwana Mongi! Mimi niko kwenye maduka ya viatu tangu nimalize chuo. Kumbe ni adhabu?"

"Kwako ni rehema," Bwana Mongi akamjibu. "Geuka ufanye kazi."

Tovuti za viatu Emna alikuwa amezifanya kabla, na tuliokuwapo tuliona jinsi uso wake ulivyokuwa unazimika kila asubuhi akiwasha kompyuta. Tangu aanze kuandika viraka vya kiini, alikuwa anafika kazini kabla yangu.

Wazo lake lilikuwa rahisi kulieleza. Ukurasa ulioguswa mara moja umeguswa na mpita njia. Uliorudiwa, baada ya nafasi kidogo, una mwenyewe. Basi kiini kisipandishe ukurasa kwa mguso wa kwanza. Kisubiri wa pili, na wa pili uje kabla muda fulani haujapita. Kulieleza ni rahisi. Kuliandika ndani ya kiini, mahali ambapo mstari mmoja ukiwa mvivu mashine zote za dunia zinachelewa, ni jambo lingine.

Wajenzi wa kiini wanaandikiana barua hadharani, kwa maandishi matupu yasiyo na rangi wala herufi nene. Kiraka husafiri ndani ya barua, na chini yake mwandishi hutia jina lake kuthibitisha kwamba kazi ni halali yake. Yeyote duniani anaweza kuisoma na kuikosoa, na maneno yote hubaki pale miaka na miaka. Msimamizi wa upande ule wa kumbukumbu alikuwa Mnorwe aitwaye Halvard, mtu ambaye hakupoteza neno.

Barua ya kwanza ya Emna aliijibu hivi: "Kiraka hakishikani. Programu yako ya barua imekula nafasi za mwanzo wa mistari."

Slim aliposomewa jibu alishika kichwa. "Imekula? Mchana wa Ramadhani? Haina hata aibu!"

Emna alibadilisha programu ya barua, akatuma toleo la pili. Halvard alisema jina la kigezo kimoja linapotosha. La tatu, akauliza kwa nini kufuli moja, lile linaloziweka foleni sehemu nyingine za kiini, linashikwa muda mrefu vile. Kila swali lilikuwa la haki, na kila mara Emna alirudi akiwa na jibu bora kuliko swali. Nilimwona akibishana na kurasa alizozichapa, akizichora kwa kalamu ya risasi, midomo imekauka kwa saumu.

Kwa toleo la nne alitaka vipimo visivyo na ubishi. Akaandika programu ndogo ya kuchungulia, kwenye seva ya majaribio iliyoiga kazi ya hospitali: ilizizungukia kurasa za picha za leo, zile za madaktari, ikaonyesha kwa grafu ngapi ziko daraja la haraka na ngapi zimeshushwa. Nayo grafu ilipanda kama mtu anayepanda ngazi nyumbani kwake. Picha zilifunguka asubuhi kwa haraka ileile ya mchana, tena zaidi. Akaweka namba kwenye barua, akaituma.

Halvard akajibu: "Namba nzuri sana. Nitaijaribu kazi yako kwenye mashine yangu. Ikishika, naichukua."

"Emna!" Slim alipaza sauti. "Leo baada ya futari baklawa ni juu yako. Ile ya lozi, siyo ile ya bei nafuu."

"Subiri aijaribu kwanza," Emna akasema, lakini alikuwa anatabasamu. Bwana Mongi alipita, akasema mashallah, akaenda kumpigia simu mkuu wa mitambo wa hospitali.

Jibu lilikuja kabla ya Ijumaa. "Kwangu haifanyi kitu. Namba zangu ni zilezile, kiraka kikiwapo na kisipokuwapo. Umepima nini?"

Chini yake mtu mwingine, ambaye hatukumjua, alikuwa ameongeza: "Namba nzuri za aina hii tumezizoea."

Maneno yale yalikuwa yamekaa pale dunia nzima iyasome. Emna alichukua kitambaa akaanza kusafisha kibodi yake, herufi moja moja, ingawa haikuwa chafu. Bwana Mongi alikuja akasimama nyuma yake. Mambo ya kurasa hakuyajua sana, lakini "haifanyi kitu" alilielewa.

"Idi ni wiki ijayo," alisema taratibu. Afadhali angegomba.

Siku zilizofuata Emna alirudia kila kitu. Alisoma kiraka chake kama anasoma cha adui. Alilinganisha mashine yetu na ile Halvard aliyoieleza. Hakuona kosa. Slim, ambaye bila kahawa na sigara mchana hakuwa na faida kubwa kwa maduka ya viatu, alijitolea kumfungulia picha za majaribio: afungue ya mbavu, aifunge, afungue ya goti, arudi kwenye mbavu, kama wafanyavyo madaktari. Kwa uchovu akawa anaifungua grafu ya Emna kujiburudisha, kisha anaifunga.

"Emna," akaita. "Hii seva yako ina haya."

"Slim, leo sina nguvu ya utani."

"Si utani. Grafu ikiwa wazi, picha inafunguka fyu! Nikiifunga, baada ya muda inajikokota. Ni kama mimi na Bwana Mongi. Akipita nafanya kazi, akiondoka nalala."

Emna alisimama. Kiti kikalia. "Ifungue."

Slim akaifungua. Wakangoja. Mbavu, goti, mbavu. Fyu.

"Ifunge."

Wakangoja tena. Safari hii mbavu zilijitokeza nusu, zikasita, ndipo zikamalizika.

Emna alijishika mdomo, akakaa chini sakafuni, pale pale katikati ya meza. Slim alinitazama kwa hofu.

"Ami Lazhar, amezimia?"

"Sijazimia," Emna akasema. "Ni mimi. Ni mimi niliyekuwa nazigusa."

Akatueleza huku amekaa sakafuni. Ile programu ya kuchungulia, ili ijue hali ya ukurasa, ilikuwa inausoma. Na kuusoma ni kuugusa. Daktari anagusa mara ya kwanza. Programu inazunguka, inapita, inagusa mara ya pili. Kiini kikaona miguso miwili, kikatii, kikaupandisha. Tena ilizichungulia kurasa za madaktari peke yake, ndiyo maana zilipanda hizo tu, na namba zikawa za kupendeza. Kwa Halvard hakukuwa na mchunguliaji. Kule jaribio linalomwiga daktari likirudi kwenye picha yake kwa mguso wa pili wa kweli, muda aliouweka Emna ulikuwa umeshapita, na kiini kikauhesabu mguso ule kuwa wa kwanza tena.

"Nilikuwa naziamsha," alisema, "halafu nawaandikia watu kwamba haziko usingizini."

"Kama mama yangu," Slim akasema. "Ananiamsha kuniuliza kama nimelala."

Hapo ndipo Emna alipocheka, na alicheka mpaka akafuta macho kwa mkono wa shati.

Kosa kama lile haliwezi kufanywa na mtu mzembe. Mzembe hachungulii. Linamkuta yule anayependa kuona kwa macho yake kinachotokea ndani, na mpaka leo siwezi kumwona mdogo kwa ajili yake.

Kujua kosa kulimwonyesha dawa. Muda wa kungoja mguso wa pili hauwezi kuwa mmoja kwa siku nzima. Daraja la haraka likiwa na nafasi, kiini kiwe na subira, kimngoje daktari anayechelewa kurudi. Likijaa, kiwe na haraka, kimpokee yule tu anayerudi upesi. Kiini chenyewe kinajua kama nyumba imejaa, hakihitaji kuambiwa. Emna aliandika hivyo. Akaitupa programu ya kuchungulia, akatumia hesabu ambazo kiini hujiwekea chenyewe bila kugusa ukurasa wa mtu, na akazisoma mwisho wa jaribio tu.

Faida ilikuwapo, na ilikuwa ya kweli. Lakini ilikuwa kama nusu ya ile aliyoitangaza.

"Tuma," Slim akamshauri. "Sema umeboresha. Toleo la tano, basi. Halvard anataka kiraka, hataki toba."

Emna alikuwa ameshaandika aya nzima kueleza habari ya mchunguliaji. Bwana Mongi aliisoma begani kwake, polepole, akifuata kwa kidole.

"Hii sentensi," akasema. "Unawaambia kwamba namba zako za mwanzo ulizitengeneza mwenyewe bila kujua."

"Ndiyo, Bwana Mongi."

"Watu hawasahau mambo kama haya, mwanangu. Kila wakiona jina lako watasema, huyu ndiye yule. Nami nina hospitali inaningoja. Ukiiondoa hii aya, nani atakudai?"

"Halvard alishaniuliza nimepima nini. Nisipomjibu hilo, hizi namba ndogo ataziamini kwa lipi?" Alisema kwa upole lakini hakushusha macho. "Halafu kuna mwingine. Kesho mtu wa Osaka au wa Lima ataandika mchunguliaji kama wangu, atapata namba tamu, naye atadanganyika. Hii aya ni yake."

"Na kiraka kikikataliwa? Seva naiuza kweli. Sitanii."

"Najua hutanii."

"Na hiyo nusu, itawatosha hospitali?"

"Waliomba asubuhi iwe kama mchana. Imekuwa kama mchana. Muujiza hawakuuomba, ni mimi niliyewaahidi."

Bwana Mongi alivua miwani, akaitazama, akaivaa tena. Nimemjua kwa miaka. Huyo ni mtu anayebishania hata bei ya ndimu. "Haya, iache," alisema. "Lakini andika kwa Kiingereza kizuri. Kama tunaaibika, tusiaibike na kwa lugha."

Toleo la tano likaondoka likiwa na aya yake. Halvard alikaa kimya siku nzima na iliyofuata. Slim aliifungua orodha ya barua kila baada ya dakika chache, mpaka Emna akamwambia kwamba kuchungulia kumeshatuletea hasara ya kutosha.

Jibu lilipokuja, Emna alilisoma kwa sauti.

"Sasa naelewa namba za wiki iliyopita. Nimepima toleo hili. Linashika kwangu pia, karibu na ulivyosema. Aya ya programu ya kuchungulia ihamishie ndani ya maelezo ya kiraka chenyewe, ibaki kwenye historia, maana wengine watateleza hapohapo. Mtaje aliyegundua, kama desturi. Maoni ya juu ya mstari wa mwisho hayaeleweki, yaandike upya. Ukituma kabla sijafunga lango la kupokea viraka kesho, nakichukua."

Chumba kizima kililipuka. Bwana Mongi alipiga meza akamwaga karatasi za Slim chini, na hakuomba radhi. Aliniagiza nitafute bamba la kubandika jina kwenye seva ya majaribio, na nilijua jina gani.

"Aliyegundua ndiye nani?" Slim aliuliza akiokota karatasi.

"Wewe," Emna akasema. "Nitajie barua pepe yako, ile ya heshima, siyo ile ya mpira."

"Mimi? Mimi nilikuwa nacheza!"

"Kuna mstari wa aliyeripoti. Hauulizi alikuwa anafanya nini."

Slim aliziweka karatasi mezani. Kisha akamtajia, herufi kwa herufi, akasimama nyuma yake kuhakikisha.

Ilikuwa alasiri ya mkesha wa Idi. Nyumba zote za barabara ya Gremda zilikuwa zinapika sharmula, mchuzi wetu wa Idi, na harufu ya vitunguu na zabibu iliyopanda hadi dirishani ilikuwa mtihani kwa kila aliyefunga. Ofisi nyingine zilikuwa zimeshafungwa. Emna aliandika upya maoni ya mstari wa mwisho. Aliyaandika, akayafuta, akayaandika kwa maneno machache zaidi. Akaihamisha aya ndani ya kiraka. Akakagua nafasi za mwanzo wa kila mstari. Akaendesha jaribio mara nyingine, na safari hii alijizuia kutazama skrini mpaka lilipokwisha. Aliketi mikono mapajani, akitazama ukuta, na sote tukatazama ukuta pamoja naye.

Namba zilikuwa zilezile.

Akaisoma barua kutoka juu mpaka chini, maandishi matupu, bila rangi. Chini kabisa akaandika kwamba kazi ni halali yake, akatia jina lake kamili. Kisha akaipiga muhuri wake wa siri, ule wa tarakimu unaothibitisha kwamba barua haikuguswa njiani, akabonyeza, na barua ikaenda.